Kigae cha Mgeni na Ukuta wa Mwenyeji: Ziara ya Walimu Katika Zimbabwe Kuu

Ziara tunayoieleza hapa ilianza kwa swali la mwanafunzi. Katika darasa la mmoja wetu, mjini Lubumbashi, kijana mmoja alisimama wakati wa somo la Kiswahili akauliza: "Mwalimu, kwa nini watutaka tujifunze vizuri lugha ya Waarabu, na hao ndio waliowafunga babu zetu minyororo?" Mwenzetu alimjibu kama tulivyozoea kujibu wengi wetu: kwamba Kiswahili si Kiarabu kitupu, bali ni mchanganyiko, kwamba Waarabu walifika pwani, wakakutana na Wabantu, na katika kukutana huko ikazaliwa lugha mpya. Kijana akaketi. Hakuridhika, na kwa kweli mwenzetu naye hakuridhika. Alipotusimulia jambo hilo katika mkutano wa walimu, sote tulinyamaza, maana kila mmoja alijua kwamba naye angejibu vivyo hivyo.

Hatukwenda Zimbabwe kutafuta jibu la swali hilo. Tulikwenda huko wakati wa likizo ya mwezi wa Agosti, walimu kumi na wawili, ili tuyaone kwa macho magofu ya Zimbabwe Kuu ambayo kwa miaka mingi tulikuwa tukiyataja darasani bila kuyajua. Lakini msafiri hajui atakachorudi nacho. Ndiyo maana tumeona inatupasa kuwaandikia walimu wenzetu, si tu juu ya mawe tuliyoyaona, bali hasa juu ya yale ambayo mawe hayo yalitufundisha kuhusu kazi yetu wenyewe.

Mahali penyewe

Tulivuka mpaka Kasumbalesa, tukapita Zambia hadi Lusaka, kisha tukateremka bondeni na kuuvuka mto Zambezi kwa daraja la Chirundu. Kutoka Harare barabara huelekea kusini hadi mji wa Masvingo, ambao zamani za ukoloni uliitwa Fort Victoria, na magofu yapo mwendo wa kilomita zisizofika 30 kutoka mjini. Tulifika asubuhi ya baridi, majani yakiwa yamekauka, na ukungu mwembamba ukiwa bado umeushika mlima.

Kiongozi aliyepewa kazi ya kututembeza alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa vijiji vya karibu. Alisema Kiingereza, na mwenzetu mmoja aliyewahi kufundisha Zambia akawa mkalimani wetu. Tulipoanza kupanda mlima, wazee wetu watatu waliona njia ni nyembamba na mawe ni marefu, wakaomba wabaki chini ya mti. Kiongozi akageuka kwa kijana msaidizi wake akamwuliza kwa lugha yao: "Vanhu vatatu?" Tulitazamana. Hapana aliyehitaji kutafsiriwa. Watu watatu! Mkalimani wetu alicheka akasema kwamba sasa anaweza kwenda kupumzika pamoja na wazee.

Jina la mahali nalo si geni masikioni mwetu. Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba latokana na maneno ya Kishona *dzimba dza mabwe*, yaani nyumba za mawe. Wataalamu wengine hulipendelea neno *dzimbahwe*, lenye maana ya nyumba zenye kuheshimiwa, makao au maziara ya wakuu. Vyovyote iwavyo, Mbemba husema *amabwe*, Mluba husema *mabwe*, nasi twasema *mawe*. Mtoto wa Katanga akiambiwa jina hilo atajua mara moja kwamba aliyelitoa hakutoka mbali.

Magofu yametawanyika katika eneo la hekta zipatazo 720, nayo hugawanywa katika sehemu tatu: majengo ya mlimani, majengo ya bondeni, na Boma Kuu. Watu walikaa hapo tangu karne ya 11, na kuta za mawe zilijengwa hasa kati ya karne ya 13 na katikati ya karne ya 15. Kule mlimani, yapata mita 80 juu ya bonde, wajenzi hawakuyaondoa majabali makubwa waliyoyakuta. Waliyaacha mahali pake wakaunganisha kuta nayo, hata mahali pengine mtu hawezi kutambua kwa urahisi wapi kazi ya Mungu yakoma na wapi kazi ya binadamu yaanza. Kutoka huko juu, Boma Kuu laonekana bondeni kama pete iliyoangushwa majanini.

Tuliposhuka na kusimama chini ya ukuta wa Boma Kuu, maneno yalituishia. Ukuta wa nje huzunguka kiasi cha mita 250. Mahali pengine hufikia kimo cha mita 11, na unene wake chini ni kama mita 5. Hamna chokaa, wala saruji, wala udongo wa kushikiza. Jiwe limelala juu ya jiwe, safu juu ya safu, na kila safu imerudi nyuma kidogo kuliko iliyo chini yake, hata ukuta ukainama ndani na kujishikilia kwa uzito wake wenyewe. Upande wa kusini mashariki, juu kabisa, mawe yamepangwa kwa mshazari yakafanya urembo wa mistari iliyovunjikavunjika, mfano wa ukili wa mkeka. Ndani ya boma umesimama mnara wa mviringo, wa kimo cha mita 10 hivi, ambao hauna chumba wala ngazi. Ni mawe matupu mpaka moyoni. Kiongozi alituambia kwamba wengi huufananisha na ghala ya nafaka, alama ya mfalme mwenye kulisha watu wake.

Tulimwuliza mawe yalichongwaje. Akatuonyesha mlima wa karibu, akatueleza kwamba itale ya nchi ile hubambuka yenyewe kwa jua la mchana na baridi ya usiku, ikatoka matabaka kama maganda ya kitunguu. Wajenzi walilisaidia jambo hilo kwa kuwasha moto juu ya mwamba na kisha kuupoza kwa maji. Tabaka likishatoka, unene wake ulikuwa karibu sawa kila mahali, na kazi iliyobaki ni kulivunja vipande kama matofali. Kwa hiyo ufundi ule haukuhitaji kuletwa kwa jahazi. Ulizaliwa na mlima wenyewe, na watu walioukaa mlima huo vizazi hata vizazi wakijifunza tabia ya jiwe lake. Pia alitukumbusha kwamba kuta hizo hazikuwa nyumba. Nyumba zilikuwa za udongo uliokandikwa, zenye paa za majani, zikajengwa ndani ya nyua za mawe. Za udongo zimekwisha, na nyua zimebaki. Ndiyo maana mgeni wa leo hudhani watu walikaa katika ngome tupu.

Kibanzi cha mwerezi

Hapo ndipo mzee mmoja kati yetu, aliyesoma shule zamani za ukoloni, alipouliza kwa unyenyekevu swali lililokuwa mioyoni mwa wengine pia. Alisema: "Sisi katika vitabu vyetu vya shule tuliambiwa kwamba majengo haya yalikuwa ya Wafoinike au ya Waarabu. Je, jambo hili lilitoka wapi?"

Kiongozi hakuudhika. Alitupeleka kwenye mlango wa boma, akatusimulia habari za kipande cha mti.

Tarehe 5 Septemba 1871 mpelelezi Mjerumani, Karl Mauch, alifika mahali hapo baada ya kuelezwa habari zake na mwindaji Adam Render aliyekuwa akiishi nchini humo. Mauch alikwisha kuwa na hamu ya kuigundua Ofiri ya Biblia, nchi ya dhahabu ya Mfalme Sulemani. Akakuta boriti mlangoni, akakata kibanzi, akakilinganisha na mti wa kalamu yake ya risasi. Akaona vinafanana kwa rangi na kwa harufu. Kalamu ilikuwa ya mwerezi. Basi kibanzi nacho ni mwerezi. Mwerezi hutoka Lebanoni. Basi uliletwa na Wafoinike. Basi aliyejenga ni Malkia wa Sheba. Kwa kalamu moja watu wa nchi nzima wakanyang'anywa kazi ya mababu zao. Baadaye ilibainika kwamba ule haukuwa mwerezi kamwe, bali mti wa huko huko.

Mwaka 1890 wakoloni wa Cecil Rhodes waliingia nchini. Dhana ya Mauch iliwafaa sana, kwa maana ikiwa watu weupe wa kale ndio waliojenga, basi walowezi walikuwa wakirudi katika mali ya wazee wao. Mwaka 1891 Theodore Bent alichimba kwa msaada wa Rhodes. Kati ya 1902 na 1904 Richard Hall, aliyewekwa kuyatunza magofu, aliondoa udongo wa makao ya Waafrika kwa kina cha zaidi ya mita moja mahali pengi, akiuona kuwa ni uchafu uliofunika kazi ya wastaarabu. Yaani aliutupa ushahidi wenyewe akitafuta ushahidi. Hasara hiyo haiwezi kulipwa. Wataalamu waliomfuata walilazimika kusoma kitabu ambacho kurasa zake nyingi zilikwisha kuchanwa.

Hata hivyo ukweli haukukawia. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba sehemu zilizosalia, akaona kwamba vyombo vilivyolala pamoja na kuta vilikuwa vya namna ile ile iliyotumiwa na Waafrika wa nchi hiyo, na kwamba vitu vya kigeni vilivyopatikana navyo havikuwa vya zama za Sulemani bali vya zama za kati. Watu wengi wa Rhodesia walikasirika. Mwaka 1929 akapelekwa mtaalamu mwingine, Bibi Gertrude Caton-Thompson, aliyechimba kwa uangalifu mkubwa, hata chini ya mnara wenyewe, akathibitisha yale yale: kazi ni ya Waafrika. Kipimo cha kaboni kilipopatikana baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nacho hakikuugeuza ushahidi huo.

Basi je, habari iliisha? Haikuisha, na hapa ndipo tulipotulia kusikiliza zaidi. Baada ya serikali ya walowezi kujitangazia uhuru wake mwaka 1965, wakuu wake walitaka maelezo wanayopewa wageni yasiseme waziwazi kwamba Waafrika ndio wajenzi. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale nchini humo, hakukubali kuuficha ukweli, akaondoka nchini mwaka 1970. Kitabu chake kikubwa juu ya Zimbabwe Kuu kilitoka mwaka 1973. Wapigania uhuru, kwa upande wao, walikwisha kulichukua jina la Zimbabwe tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na mwaka 1980 likawa jina la nchi huru.

Kiongozi wetu aliongeza jambo ambalo halimo vitabuni. Baba yake, alisema, alikuwa kibarua wa kufyeka majani ndani ya boma hilo. Siku nyingi alisimama na fyekeo mkononi, hatua chache tu kutoka kwa wageni, akamsikia kiongozi wa siku hizo akiwaeleza kwamba watu weusi hawakuwa na akili ya kujenga ukuta kama huo. Alikifahamu Kiingereza cha kutosha kuyaelewa maneno hayo. Jioni alirudi nyumbani akawaambia watoto: "Leo tena nimesikia kwamba sisi hatupo."

Hatukusema neno. Mzee wetu aliyeuliza alivua kofia yake.

Saa ya mzee

Katika nyumba ya makumbusho tuliwatazama ndege mashuhuri waliochongwa kwa jiwe laini, jiwe la sabuni. Hao ndio wanaoonekana katika bendera ya nchi. Wengine husema ni tai mla samaki, wengine husema ni chapungu, ndege ambaye Washona humhesabu kuwa mjumbe wa mababu. Walipatikana wanane, wengi wao kule mlimani. Mmoja aling'olewa mwaka 1889 akauziwa Rhodes, naye alimweka nyumbani kwake Cape Town. Wengine nao walichukuliwa baadaye. Mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya uhuru, waliokuwa katika jumba la makumbusho la Cape Town walirudishwa, na Zimbabwe ikatoa badala yake mkusanyo mkubwa wa nyuki na nyigu waliokaushwa. Kipande cha ndege kilichokuwa Ujerumani kilirudi mwaka 2003. Mwenzetu mmoja alisema kwamba haijapata kutokea biashara ambamo nyigu walifanya kazi njema kiasi hicho.

Lakini kilichotugusa zaidi ni habari za vitu vidogo vilivyofukuliwa hapo: vigae vya vyombo vya Kichina vya kijani, vipande vya bakuli la Kiajemi, shanga za kioo kwa maelfu. Tena zilipatikana kengele za chuma zisizo na ulimi, za namna ambayo wataalamu huihusisha na falme za Kongo. Si mbali na Chirundu tulikopita, mahali paitwapo Ingombe Ilede, yalifukuliwa mwaka 1960 makaburi yenye dhahabu, kauri za bahari, na vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba. Misalaba ya shaba mtu wa Katanga huitambua hata gizani. Kwa hiyo nchi yetu haikuwa mbali na soko hilo.

Kisha kiongozi akaitaja sarafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilijulikana kwamba katika Zimbabwe Kuu imepatikana sarafu ya shaba ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Huyo ndiye aliyetawala Kilwa wakati Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331, na ndiye anayehesabiwa kuwa mjenzi wa jumba la Husuni Kubwa. Ibn Battuta mwenyewe aliandika kwamba dhahabu iliyofika Sofala ilitoka barani, mwendo wa mwezi mmoja. Dhahabu ya uwanda huu ilishuka Sofala, ikapanda majahazi hadi Kilwa. Nguo, shanga na vyombo vikapanda kuja huku. Sarafu moja ndogo iliufuata mkondo huo kinyume, ikapotea miguuni pa kuta hizi.

Kwetu sisi walimu wa Kiswahili furaha ilikuwa kubwa, na mzee wetu akasahau aibu ya asubuhi. Akasema: "Basi kumbe! Kama sarafu ya Kilwa imo humu, si ndiyo dalili kwamba watu wa pwani ndio waliowafundisha kujenga?"

Kiongozi akatabasamu. "Baba," akamwambia kwa kinywa cha mkalimani, "hiyo saa uliyovaa imetoka wapi?"

"Japani," akajibu mzee.

"Na nyumba yako ulijengewa na nani?"

"Niliijenga mimi na ndugu zangu."

"Siku moja mtu akifukua nyumba yako akaiona saa hii, aseme kwamba nyumba ilijengwa na Wajapani?"

Tulicheka sana, na mzee alicheka kuliko sisi. Lakini usiku ule, katika nyumba ya wageni mjini Masvingo, kicheko kilitutoka. Yule mwenzetu aliyeulizwa swali na mwanafunzi ndiye aliyevunja ukimya. Alisema: "Jamani, mimi nimekuwa Mauch. Nilishika neno *kitabu* mkononi, nikalinganisha na Kiarabu, nikamwambia mtoto kwamba nyumba yote ni mwerezi."

Ukuta wa lugha

Ndugu zetu walimu, tuyapime maneno hayo. Ni kweli Kiswahili kina maneno mengi ya Kiarabu, nasi tusiyaonee haya. Kina pia ya Kiajemi, ya Kihindi, ya Kireno na ya Kiingereza; na hapa kwetu Kongo kimepata mengi ya Kifaransa. Hayo ni vigae, shanga na sarafu. Yatuambia kwamba wenye lugha walifanya biashara, walisali, walisafiri, walipokea wageni. Hayatuambii kwamba wageni ndio walioujenga ukuta.

Ukuta wa lugha ni sarufi yake: ngeli za majina, upatanisho wa maneno katika sentensi, jinsi kitenzi kinavyopokea viambishi mbele na nyuma kama safu za mawe zinazoshikana bila chokaa. *Watu watatu wamekuja*: humo hamna jiwe hata moja la kigeni, na Mshona aliyetuhesabu mlimani alipanga mawe hayo hayo. Tena tazameni lugha inavyolitendea neno la mgeni. Mwarabu husema *kitab*, na kwa wingi *kutub*. Mswahili alilipokea neno, akaona linaanza na *ki-*, akaliweka pamoja na *kiti* na *kisu*, na kwa wingi akasema *vitabu*. *Wakati* akaufanyia wingi wa *nyakati*, kama afanyavyo *wayo* na *nyayo*. *Msahafu* ukazaa *misahafu*, kama mti na miti. Jiwe limetoka mbali, lakini limechongwa upya ili likae katika safu ya mwenyeji. Hapo mjenzi ni nani?

Wataalamu wa lugha walikwisha kulieleza jambo hili. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walionyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja na Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro, na kwamba sehemu kubwa ya maneno ya Kiarabu iliingia baada ya lugha kwisha kusimama. Nayo miji ya pwani imetoa ushahidi unaofanana na huo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya udongo na miti, wa kwanza wao ukiwa wa karne ya 8. Mji wa mawe haukushushwa melini ukiwa umekamilika. Ulikua mahali pake.

Hata hivyo tusiuondoe uongo mmoja tukaweka mwingine. Wageni walikuja kweli, wakakaa, wakaoa. Uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, uliotangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Afrika hasa kwa upande wa mama, na asili ya Asia, zaidi ya Uajemi, hasa kwa upande wa baba, na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Asemaye kwamba hapakuwa na mgeni apingana na mifupa yenyewe. Lakini watoto wa ndoa hizo walisema lugha gani? Walisema lugha ya mama zao.

Wala tusimfiche mwanafunzi habari ya minyororo. Misafara ya karne ya 19, ya Tippu Tip na wenziwe, ilileta Kiswahili Maniema pamoja na bunduki na utumwa. Huo ni ukweli, na kijana alikuwa na haki ya kuutaja. Ila lugha hiyo ilisemwa pia na wapagazi waliobeba pembe mabegani, na wafanyabiashara Wanyamwezi waliofika Bunkeya pamoja na Msiri. Na baada ya mji wa Lubumbashi kuanzishwa mwaka 1910, ilisemwa na wafanyakazi wa migodi waliotoka Kasai, Maniema, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, waliokutana kambini bila lugha moja, wakaifanya hii kuwa yao. Mnyororo ulipita katika lugha hii, lakini haukuijenga.

Hadhari kwa kiongozi

Jambo moja zaidi twalisema kwa uangalifu. Siku ya pili tulimwuliza kiongozi wetu kuhusu tambiko. Akatueleza kwamba koo za jirani, kama wa Nemanwa, wa Charumbira na wa Mugabe, zina masimulizi yao juu ya mahali hapo, na kila ukoo hujiona kuwa mlinzi wake halali. Magofu yalipotiwa ua na kuwekewa tiketi zamani za ukoloni, wazee walizuiwa kuingia kutambika. Na hata baada ya uhuru, hata baada ya mwaka 1986 ambapo magofu yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, malalamiko yao hayakukoma. Yeye mwenyewe alisema kwamba yapo mambo ambayo alifundishwa na nyanya yake na ambayo hayamo katika maelezo aliyopewa kazini. "Wageni hutaka jibu fupi," alisema, "na mimi nina saa mbili tu."

Maneno hayo twayafahamu sana sisi walimu. Sisi nasi ni viongozi wa wageni. Kila mwaka kundi jipya la watoto huletwa mlangoni, nasi huwatembeza katika lugha kwa muda mfupi, tukiwaambia hili lilijengwa na fulani, hili lilitoka mahali fulani. Hawana njia ya kutupima. Wataondoka wakiamini tuliyowaambia, na watawaambia watoto wao. Na pengine, hatua chache kutoka tuliposimama, yupo mwenye nyumba aliyeshika fyekeo, anatusikia.

Tuliporudi, mwenzetu alimwita yule kijana mbele ya darasa, akamwambia kwamba swali lake lilistahili jibu bora kuliko alilopewa. Hakumpa hotuba. Aliandika ubaoni maneno mawili ya Kishona, *vanhu vatatu*, akawauliza wanafunzi ni lugha gani na maana yake nini. Wengine walisema Kibemba, wengine Kisanga. Lakini darasa zima lilijua maana. Kisha akaandika *kitabu* na *vitabu*, na kando yake *kitab* na *kutub*, akawaachia kazi ya kutafuta wenyewe ni nani aliyepinda kwa ajili ya mwenzake. Kijana yule alikuwa wa kwanza kunyosha mkono.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kigae cha mgeni kikitunzwa vema huipamba nyumba, na sarafu iliyopotea huonyesha njia ya kale. Lakini mwenyeji asiyejua kwamba ukuta ni wake ataamka siku moja akiombwa kodi katika nyumba ya baba yake. Tuwasihi wenzetu wanaofundisha asili ya Kiswahili waifungue tena sura hiyo kabla ya muhula kuanza, wakaitazame kwa makini ile kalamu waliyoishika mkononi.